Jina la Msalaba Mwekundu katika majina ya vikoa: uchambuzi wa kisa cha ICANN, 2011 hadi 2020

Tarehe 20 Juni 2011, Bodi ya ICANN, shirika lisilo la kibiashara lenye makao yake California ambalo huratibu mfumo wa majina ya vikoa duniani, ilikutana Singapore na kuidhinisha mpango wa kufungua vikoa vipya vya ngazi ya juu, yaani sehemu ya mwisho ya anwani ya tovuti. Watu wengi walikuwa wamezoea .com, .org na vingine vichache, pamoja na vikoa vya nchi kama .ke na .tz. Chini ya mpango huo, kampuni, mji au taasisi yenye uwezo wa kulipa ada ya dola 185,000 iliweza kuomba kuendesha kikoa kizima cha kwake, na duru ya 2012 ilipokea maombi 1,930. Katika uamuzi huohuo wa Singapore kulikuwa na sharti ambalo halikuzungumzwa sana nje ya kumbi za ICANN: majina ya Msalaba Mwekundu na ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki yasiombwe na mtu yeyote kuwa vikoa vya ngazi ya juu katika duru ile ya kwanza, mpaka sera ya kudumu itakapopatikana. Kwa upande wa Msalaba Mwekundu, sera kamili ilianza kuwabana wote wanaohusika tarehe 1 Agosti 2020.

Miaka tisa ni muda mrefu kwa jambo ambalo sheria yake ilikuwa imekwisha kuandikwa tangu 1949. Katika uchambuzi huu ninatetea hoja moja, kwamba ucheleweshaji ule haukutokana na ubishi juu ya sheria, bali na mfumo wa majina ya vikoa ambao ulijengwa ukilijua kundi moja tu la wenye haki, yaani wenye alama za biashara, na kwa hiyo ukashindwa kuitambua nembo ya ulinzi ilipoletwa mbele yake. Hoja hiyo pia ndiyo inayoeleza kwa nini kilicholindwa mwishoni ni kidogo kuliko kile ambacho mkataba unadai.

Sheria yenyewe

Chanzo cha nembo hii kinajulikana. Baada ya mapigano ya Solferino ya tarehe 24 Juni 1859, ambapo maelfu ya majeruhi waliachwa bila matibabu, Henry Dunant wa Geneva alichochea juhudi zilizozaa kamati ya kudumu mwaka 1863 na Mkataba wa kwanza wa Geneva wa tarehe 22 Agosti 1864. Mkataba huo ulikubali alama moja kwa matabibu wa majeshi yote: msalaba mwekundu kwenye kitambaa cheupe. Milki ya Osmani ilianza kutumia hilali nyekundu mwaka 1876, Uajemi ikachagua simba mwekundu na jua, na mkataba wa 1929 ukazitambua zote mbili. Iran iliacha kutumia alama yake mwaka 1980. Fuwele nyekundu iliongezwa na Itifaki ya Tatu ya tarehe 8 Desemba 2005.

Lililo muhimu kwa kisa chetu limo katika Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949. Kifungu cha 53 kinakataza wakati wote, vita na amani, mtu binafsi, chama au kampuni yoyote isiyo na idhini kutumia nembo hiyo, au jina lenyewe la Msalaba Mwekundu, au alama au jina lolote linaloiga, bila kujali madhumuni ya matumizi hayo. Kifungu cha 54 kinazitaka nchi ambazo sheria zake hazitoshi zichukue hatua za kuzuia na kuadhibu matumizi mabaya. Kwa hiyo mkataba haukuishia kwenye picha ya msalaba. Ulitaja jina, na ulitaja uigaji.

Mwenye alama ya biashara hulinda soko lake na anapaswa kuonyesha kwamba mteja anaweza kuchanganyikiwa, lakini nembo hii inalinda mwili wa mtu. Gari la wagonjwa linalokatiza kati ya pande mbili zinazopigana halina silaha wala kinga nyingine zaidi ya imani ya wapiganaji wote kwamba alama iliyopakwa ubavuni haijawahi kutumiwa kuwahadaa. Mwaka 2008, jeshi la Colombia lilipowaokoa mateka 15, akiwemo Ingrid Betancourt, mmoja wa waokoaji alivaa nembo ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Hakuna aliyeuawa siku hiyo, na dunia ilifurahia kuachiliwa kwa mateka, lakini Rais Álvaro Uribe alilazimika kukiri hadharani na kuomba radhi, kwa sababu kila mpiganaji aliyesikia habari ile alipata sababu ya kumtilia shaka mhudumu atakayefuata. Madhara ya aina hiyo hayapimwi kwa mauzo yaliyopotea, na hayalipwi kwa fidia.

Hatari ya jina mtandaoni

Mwaka ule wa 2011 uliwapa wasomaji wa Afrika Mashariki mfano ulio karibu. Mwishoni mwa Julai, wiki chache baada ya uamuzi wa Singapore, kampeni ya Kenyans for Kenya ilizinduliwa ili kuwanusuru watu wa Turkana na maeneo mengine ya kaskazini waliokumbwa na ukame. Kampuni kubwa na vyombo vya habari viliungana na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, na mamia ya mamilioni ya shilingi yalikusanywa, mengi kwa njia ya simu na kutoka kwa watu wenye kipato kidogo. Watu walitoa fedha haraka kwa sababu jina walilolisikia waliliamini. Imani hiyohiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Kusajili jina la kikoa hugharimu dola chache, huchukua dakika, na ukurasa wa kuomba michango unaweza kunakiliwa siku hiyohiyo. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, na tena baada ya tetemeko la Haiti la tarehe 12 Januari 2010, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa maonyo kwa umma kuhusu tovuti na barua pepe za ulaghai zilizojifanya kukusanya misaada.

Hata hivyo, kuiona hatari kuwa ni ya wachangiaji peke yao ni kuiona nusu. Katika kambi za Nyarugusu huko Kigoma na Kakuma huko Turkana, Msalaba Mwekundu huwasaidia wakimbizi kutafuta ndugu waliopotezana nao Kongo, Burundi au Sudan Kusini. Anayetafuta ndugu hutoa jina lake, la mama yake, la kijiji alikotoka na la watu aliokimbia nao. Tovuti bandia yenye jina la chama cha kitaifa haihitaji kuomba senti moja ili ilete maafa. Inatosha kuomba taarifa hizo kutoka kwa mtu ambaye upande fulani wa vita bado unamtafuta. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wavamizi wa mtandao walikuwa wamefikia taarifa za watu zaidi ya 515,000 zilizotoka katika vyama vya kitaifa visivyopungua 60, nyingi zikiwa za huduma hiyo ya kuunganisha familia. Uvamizi huo ulikuwa wa kompyuta za hifadhi na haukuhusu majina ya vikoa, lakini ulionyesha taarifa hizo zina thamani gani kwa watu wasiostahili kuwa nazo.

Njia iliyokuwepo ya kudai jina lililoibwa ilikuwa sera ya kutatua migogoro inayojulikana kama UDRP, iliyoanza mwaka 1999. Mlalamikaji anapaswa kuthibitisha kwamba ana haki katika alama ya biashara au ya huduma inayofanana na jina lile, kwamba aliyelisajili hana maslahi halali, na kwamba amelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ada ya kuanzia kwa jina moja mbele ya mwamuzi mmoja wa WIPO, Shirika la Haki Miliki Duniani, ni dola 1,500, na shauri huchukua wiki kadhaa. Chama kilicho katikati ya mafuriko hakina wiki hizo, na fedha hizo zilichangwa kwa ajili ya mahema na maji. Zaidi ya yote, utaratibu huo unakitaka chama kijieleze kama mfanyabiashara ili kisikilizwe.

Mabishano ndani ya ICANN

Septemba 2011 Kamati ya Ushauri ya Serikali, ijulikanayo kama GAC, iliandikia baraza la GNSO, chombo kinachotunga sera za vikoa vya jumla, yaani visivyo vya nchi, ikitaka majina ya Msalaba Mwekundu na ya Olimpiki yalindwe kabisa, katika ngazi ya juu na katika ngazi ya pili, yaani sehemu inayotangulia nukta ya mwisho. Kuyafunga majina haya pamoja kuliisaidia hoja kupita mlangoni, kisha kukaidhuru ndani. Kulikuwa na mantiki ya nje: zote mbili ni taasisi zenye makao Uswisi, zote hutajwa katika sheria za nchi nyingi, na zote zina mkataba wa kimataifa. Lakini mkataba wa Olimpiki, uliotiwa saini jijini Nairobi Septemba 1981, unalinda pete tano zilizoshikana; haulindi neno. Jina la Msalaba Mwekundu linalindwa na mkataba kwa kutajwa. Walipowekwa katika hoja moja, wapinzani walijibu hoja iliyo dhaifu na kudhani wamejibu zote mbili.

Wapinzani hawakuwa watu wabaya, na ni haki kueleza walichokihofia. Wawakilishi wa watumiaji wasio wa kibiashara waliona kwamba kila jina linalofungiwa ni neno linaloondolewa kinywani mwa umma, pamoja na mkosoaji, mwanafunzi au mwandishi wa habari mwenye sababu njema ya kulitumia. Walisema pia kwamba ukimfungulia mmoja watafuata wengi, na kweli mashirika ya kiserikali ya kimataifa yaliomba ulinzi kama huo muda mfupi baadaye, kisha yakafuata mashirika mengine yasiyo ya kiserikali. Walitaja watumiaji halali wa zamani. Mfano unaojulikana ni kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani, ambayo ilitumia msalaba mwekundu kwenye bidhaa zake tangu karne ya 19, kabla sheria ya nchi hiyo haijaukataza, na ambayo mwaka 2007 ilikishtaki mahakamani Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani chenyewe kuhusu matumizi ya alama hiyo kwenye bidhaa za kuuza, hadi walipopatana mwaka uliofuata.

GNSO ilianzisha rasmi mchakato wa kutunga sera Oktoba 2012, na Novemba mwaka huohuo kamati ya Bodi ikaweka ulinzi wa muda katika ngazi ya pili ili madhara yasitangulie uamuzi. Kikundi kazi kilichoongozwa na mwanasheria Thomas Rickert kilitoa ripoti yake ya mwisho Novemba 2013, na baraza la GNSO likaipitisha bila kura ya kupinga. Ripoti hiyo iliyagawa majina ya Msalaba Mwekundu mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa na majina manne ya nembo, yaani Msalaba Mwekundu, Hilali Nyekundu, Fuwele Nyekundu na Simba Mwekundu na Jua, katika lugha sita za Umoja wa Mataifa. Haya yalipendekezwa kufungiwa moja kwa moja. Fungu la pili lilikuwa na majina ya vyama vya kitaifa, wakati huo 189, pamoja na majina ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu na ya Shirikisho la Kimataifa linaloviunganisha vyama hivyo. Haya yalipendekezwa kupewa tahadhari ya siku 90 tu kupitia daftari kuu la alama za biashara.

Tahadhari hiyo inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kasoro ya fikra nzima. Katika siku 90 za mwanzo baada ya kikoa kipya kufunguliwa kwa umma, anayetaka kusajili jina lililomo kwenye daftari huonyeshwa ujumbe kwamba kuna mtu mwenye madai juu ya jina hilo. Akibonyeza kukubali, anasajili, na mwenye madai anaarifiwa baada ya jambo kutendeka. Kwa mfanyabiashara mwaminifu aliyechagua jina bila kujua, ujumbe ule ni msaada mkubwa. Kwa tapeli hauna maana yoyote, kwa sababu yeye amelichagua jina hilo kwa kuwa analijua. Na siku ya 91, hata ujumbe hakuna, ilhali ukame, tetemeko na vita havifuati kalenda ya uzinduzi wa vikoa.

Matokeo yake, maneno ya Olimpiki yalipata ulinzi kamili katika ripoti ileile ambayo ililiachia jina la Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, au cha Uganda, au Hilali Nyekundu ya Komoro, tahadhari ya miezi mitatu. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo. Hoja iliyotolewa ni kwamba kifungu cha 53 kinataja nembo na jina lake na hakiorodheshi vyama vya nchi moja moja. Lakini jina la kila chama limebeba jina lililokatazwa ndani yake. Ikiwa asiye na idhini hawezi kutumia maneno mawili, hawezi kupata ruhusa kwa kuongeza la tatu mbele yake, hasa la tatu hilo linapomfanya aonekane kuwa ni chama halisi cha nchi fulani. Kongo na Burundi, ambako nembo hii huvuka vizuizi vya barabarani vyenye silaha, ndiko jina la chama cha kitaifa lina uzito kuliko jina tupu la nembo.

Aprili 2014 Bodi iliyapokea mapendekezo ambayo hayakupingana na ushauri wa serikali, yakiwemo ya fungu la kwanza, na ikayaacha ya fungu la pili yakining'inia. Kanuni za ICANN ziliibana: pendekezo lililopita kwa wingi mkubwa wa kura za GNSO haliwezi kukataliwa ila kwa kura za zaidi ya theluthi mbili ya Bodi, na ushauri wa GAC hauwezi kupuuzwa bila mashauriano na sababu. Oktoba 2014 majina ya vyama vya kitaifa yalifungiwa kwa muda, kwa Kiingereza na kwa lugha rasmi za nchi zao. Hali hiyo ya muda ilidumu miaka.

Namna fundo lilivyofunguliwa

Kilicholifungua fundo ni mazungumzo ya ana kwa ana katika mkutano wa Copenhagen, Machi 2017, yaliyoongozwa na Bruce Tonkin, aliyewahi kuwa mjumbe wa Bodi. Kwa mara ya kwanza pande zote zililazimika kujibu swali lililo finyu: je, majina ya vyama vya kitaifa yana msingi katika sheria ya kimataifa na sheria za nchi, au yanaomba upendeleo mpya? Swali lilipowekwa hivyo, jibu halikuwa gumu. Chama cha Tanganyika kilitungiwa sheria na Bunge mwaka 1962; cha Kenya mwaka 1965, kwa sheria iliyokuja kuwa Sura ya 256. Hivi ndivyo ilivyo karibu kila mahali: chama cha kitaifa ni chombo kinachotambuliwa na serikali, na kimoja tu kwa nchi moja. Jina lake halina mdai mwingine halali.

Bodi iliiomba GNSO ifikirie upya, na GNSO ikatumia sehemu ya 16 ya mwongozo wake wa kutunga sera, inayoruhusu pendekezo kurekebishwa kabla Bodi haijalipitisha. Ni kifungu ambacho hakikuwa kimezoeleka, na bila hicho pengine mchakato mzima ungeanza upya. Kikundi kazi kiliitwa tena mwaka 2017 chini ya Rickert yuleyule, kikatoa ripoti Agosti 2018, GNSO ikaipitisha Septemba, na Bodi ikaikubali tarehe 27 Januari 2019. Majina kamili ya vyama 191, pamoja na ya Kamati na ya Shirikisho, yalihamishiwa kwenye orodha ya majina yanayofungiwa.

Hapa ninawapa GNSO sifa wanayostahili, kwa sababu walishikilia jambo moja lililokuwa sahihi tangu mwanzo: orodha iwe na mwisho. Msajili wa majina hutumia programu, na programu haiwezi kuamua kama neno fulani linafanana na jingine kwa nia mbaya. Inaweza tu kulinganisha herufi na orodha. Kwa hiyo walidai majina rasmi, aina chache zilizofafanuliwa za jina hilohilo, na utaratibu wa kurekebisha orodha. Utaratibu huo si pambo. Vyama vipya huzaliwa, kama cha Sudan Kusini kilichotambuliwa mwaka 2013, na nchi hubadilisha majina, kama Swaziland ilivyokuwa Eswatini mwaka 2018. Kuna pia mlango wa wenyewe: chama chenye haki kinaweza kusajili jina lake lililofungiwa baada ya kuthibitishwa. Waliokuwa wamekwisha kusajili majina hayo kabla ya sera hawakunyang'anywa.

Kilichobaki nje

Ukiiweka sera ya 2020 kando ya kifungu cha 53, pengo linaonekana mara moja. Mkataba unakataza uigaji. Sera inazuia jina lilelile, herufi kwa herufi, maneno yakiwa yameunganishwa au yametenganishwa kwa vistari. Anayeondoa herufi moja, au kuongeza neno la Kiingereza la kuchangia mwishoni, au mwaka, au jina la mji uliokumbwa na mafuriko, anapita bila kizuizi. Hayo ndiyo majina ambayo mlaghai huyachagua, kwa kuwa majina sahihi huwa yamekwisha kushikwa na wenyewe. Silaumu orodha kwa hilo, kwa sababu nimesema kwa nini ilipaswa kuwa na mwisho. Kosa ni kuichukulia orodha kuwa ni utekelezaji wa mkataba mzima, wakati inatekeleza sehemu yake nyepesi.

Chukua jina kamili la Kiingereza la Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Likiandikwa kwa pamoja lina herufi 56. Likiwekewa vistari kati ya maneno yake tisa linafika alama 64, na mfumo wa majina ya vikoa hauruhusu sehemu moja kuzidi 63. Kwa umbo hilo halikuhitaji kulindwa na mtu yeyote, kwa kuwa haliwezi kusajiliwa. Hakuna mchangiaji atakayeandika herufi 56 kwenye simu yake. Ataandika IFRC, na kwa Kamati ataandika ICRC, au CICR akiwa Bujumbura au Bukavu. Vifupisho hivyo havikuingizwa katika orodha ya 2019, kwa hoja kwamba herufi nne zinaweza kuwa kifupisho halali cha taasisi nyingine nyingi. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, lakini inaacha wazi mlango ambao watu wengi huutumia.

Kuna pia suala la lugha. Majina ya nembo yamelindwa kwa Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kihispania. Maneno Msalaba Mwekundu, peke yake, kwa lugha ambayo mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki na Kati wanalijua shirika hili, hayamo katika lugha hizo sita. Redio za Kigoma na Goma zinapotangaza mahali pa kuandikisha ndugu waliopotea, ndiyo maneno zinayotumia, na ndiyo msikilizaji atakayoyaandika kwenye kitafutio. Mtu akiyasajili katika kikoa cha jumla leo, hakuna kitu katika fungu la kwanza kitakachomzuia, ingawa kwa maana ya mkataba amefanya kosa lilelile kama aliyesajili kwa Kifaransa.

Mwisho, sera za ICANN zinabana vikoa vya jumla tu. Vikoa vya nchi, .ke, .tz, .ug, .rw, .bi, .cd, vina wasimamizi wao na kanuni zao. Huku ndiko kifungu cha 54 kinakoelekeza moja kwa moja, kwa kuwa mwenye wajibu ni dola, na dola zetu zote ni wanachama wa Mikataba ya Geneva. Kenya ina Sheria ya Mikataba ya Geneva, Sura ya 198, pamoja na sheria ya chama chenyewe. Tumezoea kuona msalaba mwekundu umepakwa kwenye kuta za maduka ya dawa na zahanati binafsi mijini na vijijini bila mtu kuulizwa, na mazoea hayo ndiyo yanayofanya jina la kikoa lionekane dogo. Lakini ukuta wa zahanati hauwezi kukusanya majina ya wakimbizi kutoka nchi tatu kwa usiku mmoja.

Kinachotakiwa kwa msimamizi wa kikoa cha nchi hakihitaji miaka tisa. Hahitaji kushawishi mabaraza ya dunia, kwa sababu sheria ya nchi yake imekwisha kuamua nani ana haki. Anaweza kuzifungia nembo kwa Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa pamoja na jina la chama cha nchi yake na vifupisho vinavyotumiwa huko. Anaweza kuwataka wasajili wake wakague kwa macho ya binadamu jina lolote jipya lenye maneno hayo ndani yake kabla halijaanza kufanya kazi, jambo linalowezekana kabisa katika kikoa cha nchi chenye usajili mdogo kuliko .com, na anaweza kukubaliana na chama cha kitaifa juu ya mtu wa kupigiwa simu wakati wa maafa, ili jina bandia lisimamishwe siku lilipogunduliwa na shauri lifuate baadaye. Chama nacho kina sehemu yake: kusajili mapema majina ya Kiswahili ambayo wananchi wanayatumia, na kuyaelekeza kwenye tovuti yake rasmi, kabla ya mvua za masika na kabla ya kampeni ya kwanza ya michango.

Huko Geneva, Kamati ya Kimataifa imekwenda mbele zaidi. Novemba 2022 ilichapisha ripoti juu ya nembo ya kidijitali, yaani alama ambayo kompyuta ya mshambuliaji inaweza kuisoma na kutambua kwamba mtambo ulio mbele yake ni wa hospitali au wa Msalaba Mwekundu, na moja ya njia zilizopendekezwa ni kuibeba alama hiyo ndani ya mfumo huuhuu wa majina ya vikoa. Pendekezo hilo likifika kwenye matumizi, jina la kikoa litakuwa limepata kazi ambayo kitambaa cheupe kilipewa mwaka 1864, na swali la nani ameruhusiwa kusajili jina gani halitaweza tena kujibiwa kwa tahadhari ya siku 90.